Mei kwa Mei

12 Septemba 2024, Kilwa
Joto. Picha mpya ya setilaiti ya Sentinel-2 imeshuka mchana, haina wingu hata moja. Msitu wote wa kijiji kahawia tupu, fahirisi ya uoto iko chini kabisa. Mgeni kutoka mjini kachungulia skrini: "Msitu umekwisha huu!" Haujaisha. Miombo hupukutisha majani kiangazi. Lakini naogopa. Siku moja mtu ataisoma namba hii ofisini na kuamua jambo.

27 Septemba
Porini na mzee wa kamati ya maliasili. Miti ya mitondoro imechipua! Majani machanga mekundu, laini, yananing'inia kama yamelowa, na mvua bado kabisa. Mzee kanivutia tawi: "Tazama, mwanangu. Mti haungoji mawingu." Nimefurahi mno. Na setilaiti je? Jani changa halina klorofili ya kutosha kufyonza mwanga mwekundu, basi fahirisi inasuasua. Mti unaamka, namba inasema bado umelala.

4 Oktoba
Septemba naiweka kando. Nimevuta picha za mwisho wa Mei peke yake, masika yamepita, majani yamejaa. Mei kwa Mei, tangu 2016. Nyuma ya hapo Landsat, hazina ya picha za setilaiti iliyoanza 1972 na kufunguliwa bure 2008. Mashariki shwari. Upande wa barabara fahirisi inashuka, kila Mei kidogo. Si shamba, si moto. Usingizi hauji.

9 Oktoba
Tumefika upande wa barabara. Visiki. Tanuri la mkaa, udongo wake mweusi, vipande vimebaki pembeni. Wachoma mkaa wanachagua mti mmoja huku, mmoja kule, pengo haliwi kubwa. Pikseli ya Landsat ni mita 30 kwa 30. Mti mmoja ukianguka humo, majani ya jirani yanaufunika. Ndiyo maana picha ya mwaka mmoja haikusema kitu. Mzee kainama, kashika kisiki, hakusema neno kwa muda mrefu. Nimeumia.

10 Oktoba
Kesho mkutano wa kijiji. Ramani tayari, Mei zote zimepangwa mstari mmoja ili kila mtu aone mwenyewe. Nitaomba mawili tu: doria ianzie barabarani, na msitu huu usihukumiwe tena kwa picha ya kiangazi. Mwezi ulinganishwe na mwezi wake, kisha mtu aende kwa miguu akahakikishe.