Moduli Iliyokosekana

Kerneli ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayozungumza na vifaa vyenyewe: diski, kibodi, kadi ya Wi-Fi. Ile inayokuja na Linux ya kawaida hubeba maelfu ya moduli za vifaa ambavyo kompyuta yangu, ThinkPad ya mtumba yenye RAM ya GB 4, haitaviona maisha yake yote. Mwanafunzi wa shahada ya umahiri, tena wa kompyuta, atavumiliaje?

Nikaikompaili upya, chumbani kwangu Kibaha. Kuna amri, localmodconfig, inayotazama moduli zilizo kazini saa hiyo na kuziacha nje nyingine zote. Usiku ule umeme ulikatika mara mbili, na betri yangu haimalizi nusu saa. Lakini make huendelea pale ilipoishia, kwa hiyo kufika alfajiri nilikuwa na kerneli yangu mwenyewe. Mashine ikawaka haraka. Nikaifuta ile ya zamani ili kupata nafasi (kila mwongozo unakataza), nikawatumia wenzangu picha ya skrini.

Jumamosi nikaenda Kisarawe kwa bibi mzaa mama. Yeye ndiye wa mwisho kwetu anayezijua ngano kwa Kizaramo. Mama anaelewa nusunusu, mimi naitikia salamu tu. Maikrofoni ya ndani ya kompyuta iliharibika zamani, kwa hiyo niliazima ya USB. Bibi akajitanda khanga mpya, akauliza, "Mume wangu, mashine imefungua masikio?"

Haikuwa imefungua. Usiku ule wa Kibaha sikuwa nimechomeka maikrofoni yoyote, kwa hiyo moduli yake, snd-usb-audio, haikuwa kazini, ikaachwa nje. Msimbo wote ulikuwa kwenye diski ya nje, mezani kwangu. Simu ilikuwa na chaji asilimia 3. Bibi hakusubiri. Alisimulia mpaka chai ikapoa, akaimba palipo na wimbo, na mimi nikacheka pale alipocheka yeye.

Wiki tatu baadaye nilirudi, moduli ipo, taa ya maikrofoni inawaka. Akakohoa, akakaa wima, akaanza kwa Kiswahili. Nikamwomba Kizaramo.

"Ile nilishakwambia," akasema. "Hii ni ya kwenye mashine."

Ninazo dakika 40 za sauti yake, kwa Kiswahili cha taarifa ya habari.