Dakika Tatu za Hadithi

Nilizaliwa Pangani, nikasoma Tanga mjini, nikasomea ualimu Korogwe, na nguvu zangu zikaishia katika madarasa ya chini ya shule za msingi za mkoa wa Tanga. Hayo yanatosha kunihusu. Sasa nimestaafu, na kinachonisukuma kuandika ni jambo ninalobishana na wenzangu hadi leo: mwalimu atajuaje kama mtoto anaandika kwa wepesi? Nashikilia kuwa hadithi fupi ya dakika tatu ndicho kipimo bora kwa darasa la tatu na la nne, ilimradi hesabu yake ifuate Kiswahili kilivyo.

Njia hiyo ilijengwa na Stanley Deno na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, miaka ya 1970 na 1980. Mtoto hupewa mwanzo wa hadithi, akafikiri kidogo, akaandika kwa dakika tatu, kisha mwalimu akahesabu maneno na yale yenye tahajia sahihi. Zoezi hurudiwa mara kwa mara ili maendeleo ya mtoto yaonekane. Tatizo ni kuichukua hesabu ya maneno ilivyo. Mtoto mmoja akiandika “Hawakutuona” na mwenzake “Paka wa mama wa Asha”, wa kwanza anapata neno moja, wa pili matano, ilhali silabi zao ni 6 na 8. Aliyebeba kanusho, mtenda na mtendwa ndani ya neno moja anahesabiwa goigoi! Tena watoto wengi huunganisha, wakaandika “pakawamama”, na maneno matatu yakawa moja. Anayehesabu silabi sahihi hanaswi na mtego huo. Kosa la kutotenganisha maneno analiandika pembeni, alifundishe kesho. Wapo wakaguzi wa shule walioshikilia jedwali la maneno kwa dakika; walikuwa na nia njema, lakini jedwali lao lilihesabu nafasi zilizoachwa kati ya maneno.

Hoja ninayoisikia zaidi ni kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba saa humfundisha mtoto kulipua. Naiheshimu hoja hiyo, lakini inachanganya pupa na wepesi. Mtoto anayesimama kwenye kila neno akijiuliza kama ni “dh” au “th” hana nafasi kichwani ya kupanga kisa; wepesi wa mkono ndio unaoifungulia akili njia. Wengine hutaja darasa la watoto mia. Hapo ndipo dakika tatu zinapofaa, kwa kuwa insha ndefu za watoto mia hazisahihishwi kwa wakati, lakini mistari michache husahihishika, madaftari kadhaa kila siku. Wapo pia wanaosema mitihani inatosha. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulihamia kwenye kusiliba herufi ya jibu, na herufi iliyosilibwa haionyeshi kama mtoto anaweza kuandika sentensi. Hoja nzito kuliko zote ni ya haki: mwanzo unaotaja ngalawa za Kigombe humpendelea mtoto wa pwani na kumwacha wa milima ya Lushoto. Ni kweli, na dawa yake ni kuchagua mwanzo unaomfikia kila mtoto, kama huu: “Nilipoamka, nyumbani hapakuwa na mtu.”

Ninyi vijana mnaoingia kazini, alama hizi msizibandike ukutani wala msizitumie kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho. Mkizigeuza mashindano, watoto watajaza mistari kwa “sana sana sana”, na kipimo kitakuwa kimekufa. Hesabuni silabi, kisha msome kisa chenyewe, kwa sababu idadi haisemi kama kisa kina maana. Aliyekwama afundishwe palepale alipokwama, wiki hiyohiyo. Kama hamkusudii kumfundisha, msimpime.