Karatasi Niliyomsomea Bibi

Mimi ni mtu wa Igowole, Mufindi. Kama hujafika, ukitoka Mafinga kwenda Mbeya unaiacha barabara kuu pale Nyololo, unakata kuingia ndani, na ukianza kuona ukungu umekaa juu ya mashamba saa nne asubuhi ujue umekaribia. Huko ndiko nilikomaliza kidato cha nne mwaka 2017, na huko ndiko nilikojitangazia kuwa mimi ni mwandishi wa riwaya. Nilikuwa na kauntabuku mbili, kalamu ya bluu, na kichwa kikubwa.

Jioni moja nimekaa jikoni naota moto, kitabu mkononi, Willy Gamba wa Elvis Musiba yuko katikati ya hatari. Bibi akaniita.

"Mjukuu wangu, njoo unisomee hii. Wewe ndiye mwenye shule hapa."

Nje alisimama mkandarasi mmoja. Huyu alikuwa amechimba moramu kwenye shamba la Bibi, akaacha shimo refu kuliko nyumba yetu. Sasa alikuja na karatasi moja iliyopigwa chapa. Aliomba ruhusa ya kulijaza lile shimo kwa taka: za gulioni, maranda ya mbao, chupa, mifuko, chochote kile. Likijaa atafukia udongo juu, na ardhi, karatasi ilisema, "itarejeshwa katika hali ya kufaa kwa matumizi".

Nilisoma kwa macho tu, akili ilikuwa kwa Willy Gamba.

"Hakuna noma, Bibi," nikasema. "Wanakujazia shimo bure."

Bibi akaweka dole gumba. Mimi nikarudi motoni.

Mwaka 2019 nikateremka Dar es Salaam kutafuta maisha. Nilifikia kwa mjomba, Tabata. Siku ya kwanza konda akapiga kelele, "Dampo! Dampo!" Nikachungulia dirishani kutafuta taka. Nikaona nyumba, maduka na gereji. Jioni nikamuuliza mjomba, akacheka.

"Taka ziliondoka zamani, jina likabaki," akasema.

Kumbe Halmashauri ya Jiji ilikuwa ikimwaga taka za mji mzima hapo Tabata. Moshi, harufu na nzi vikawachosha wakazi, mpaka Joseph Kessy na wenzake wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 1988 mahakama ikaamuru Jiji liache. Jiji likaomba muda, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa. Alishangaa mamlaka ya umma kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua, wakati ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Mwaka huohuo wakazi zaidi ya mia saba wa huko nao wakashtaki, na wakashinda, maana kwenye mpango wa jiji eneo lile lilikuwa limetengwa kwa makazi. Baadaye ikawa zamu ya Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Taka za Dar zimehamahama kama mpangaji asiyelipa kodi. Na mwaka 2008, miaka mingi baada ya taka kuondoka, nyumba za watu zikabomolewa hapohapo Tabata Dampo katika mgogoro wa viwanja.

Niliipenda habari hiyo kama mtunzi anavyopenda kisa. Nikaiandika kwenye kauntabuku. Haikunijia hata mara moja kwamba na mimi nina dampo langu.

Masika ya mwaka uliofuata simu ikapigwa kutoka nyumbani. Shimo lilikuwa limejaa, limefukiwa udongo kiasi cha kiganja, na Bibi amepanda viazi juu yake. Mvua ziliponyesha ardhi ikatitia. Ng'ombe wa jirani alizama mguu. Chupa na mifuko vilichomoza kati ya matuta. Kibaya zaidi, maji meusi yalikuwa yanachuruzika kuelekea bondeni, kwenye vinyungu ambavyo Bibi hulima mboga kiangazi.

Bibi hakulalamika. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Mjukuu wangu, ile karatasi ilisemaje?"

Nikakosa la kujibu. Sikukumbuka.

Nilirudi. Karatasi ilikuwa sandukuni, imefungwa ndani ya kanga. Safari hii niliisoma neno kwa neno. "Kufaa kwa matumizi." Matumizi ya nani? Lini? Nani atapima kwamba inafaa? Udongo wa kufukia unene gani? Hakuna. Sentensi ile haikuwa na mwenyewe. Mwalimu wangu wa Kiswahili angeizungushia wino mwekundu, lakini mimi, mwandishi mzima, niliipitisha.

Nikaanza kuuliza wanaojua. Taka zilizofukiwa hazilali. Zinaoza bila hewa, zinatoa gesi ya methani inayoshika moto, na ardhi ya juu inaendelea kushuka kwa miaka. Ndiyo maana dampo la kisasa huwekewa sakafu isiyopitisha maji, mifereji ya kukusanya majimaji na mabomba ya kutolea gesi. Nikajua pia kwamba chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, mradi wa dampo unatakiwa ufanyiwe kwanza tathmini ya athari kwa mazingira, na wakati huo Baraza la Taifa, yaani NEMC, ndilo lililokuwa likisimamia. Dole gumba la bibi mmoja si kibali. Yule bwana alihitaji zaidi ya hilo, na mimi ndiye niliyemrahisishia kazi.

Nikakaa jikoni palepale nikaandika barua ya kudai. Nilitaja tarehe, urefu wa shimo, rangi ya maji, na nani anywe nini kiangazi kikifika. Kauntabuku yangu ina sura kumi na moja za riwaya ambazo hakuna aliyeziomba. Barua hii ilikuwa ya kwanza kuandika huku mtu ananisubiri nimalize.

Mpaka leo tumeletewa malori mawili ya udongo na ahadi nyingi. Maji bado yanachuruzika. Bado tunadai.

Kijana mwenzangu unayeota kuandika, sina cha kukufundisha zaidi ya hili: kabla hujajifunza kuandika, jifunze kumsomea mtu. Nilipomaliza ile barua nilimpa Bibi aweke dole gumba. Akaukunja mkono.

"Soma kwanza," akasema. "Yote. Polepole."

Nikasoma. Nilipofika mwisho akasema nirudie.