Sarafu Yenye Maandishi Mawili

Tumeletewa swali ambalo kwa dhahiri si la darsa, lakini ndani yake mna haki za watu. Mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane mwenye watoto watatu, alitakiwa anunue senti ya Marekani ya mwaka 1955, kwa akiba yake yote ya karo. Aliambiwa kuwa maandishi yake yamerudufika, na kwamba thamani yake yapita dola 1,000. Kwa kuwa tumezoea kuchunguza sarafu tangu ujanani, alituletea tuitazame.

Kwanza tuseme kweli: senti ya thamani hiyo ipo. Sarafu hupigwa kwa muhuri wa chuma, na muhuri huo nao hupata sura yake kwa kukandamizwa na muhuri mama. Zama hizo ulikandamizwa zaidi ya mara moja, na katikati ukapashwa moto ili chuma kilainike. Katika kiwanda cha Philadelphia, muhuri mmoja uliporudishwa haukukaa pale pale. Sura ya pili ikaangukia kando ya ya kwanza, na kila senti iliyopigwa nao ikatoka na kasoro ile ile. Yakadiriwa kuwa senti 20,000 hadi 24,000 ziliwafikia watu.

Katika senti hizo, maneno na mwaka vilivyo upande wa kichwa cha Lincoln huonekana mara mbili hata kwa jicho tupu, ilhali upande wa nyuma ni salama. Chini ya kioo cha kukuzia, herufi ni nene, sura zote mbili zimeinuka kwa mviringo, na kwenye ncha mna mwanya mdogo uzitengao.

Aina ya pili hutokana na mashine. Muhuri uliolegea husogea punde baada ya pigo, ukaikwangua herufi iliyokwisha kusimama. Kivuli chake huwa bapa, kiko chini mfano wa kizingiti, nacho kimemegwa katika herufi yenyewe. Basi herufi hainenepi, bali hupungua.

Aina ya tatu ni ya uchakavu. Muhuri uliotumika mno hulika, na kingo za herufi zikavimba na kufifia. Senti za 1955 za aina hii ni nyingi, na wakusanyaji huziita za masikini. Tarakimu 5 ya mwisho ndiyo huonyesha kivuli zaidi. Bei yake ni dola chache tu.

Ya mama yule ilikuwa hiyo ya tatu: 5 ya mwisho ina ukungu, maneno ya juu ni safi. Tulimwonyesha kwa jicho lake mwenyewe, kisha tukamwita muuzaji naye akatazama. Hatukumtuhumu, kwani huenda naye aliuziwa hivyo hivyo. Aliichukua sarafu yake, na karo ikabaki kwa wenyewe.

Enyi mama zetu, mkiletewa sarafu ya namna hii, ulizeni: herufi imenenepa au imepungua? Kivuli ni cha mviringo, bapa, au ukungu? Na hata alama zote zikitimia, jueni kuwa za bandia zimo sokoni, basi itazamwe na mtaalamu kabla ya malipo. Mwuzaji mkweli hatachukia kungojeshwa siku mbili.