Mawe ya Valongo
Tulifika Rio de Janeiro, huko Brazili, siku za mwisho za Desemba, mizigo yetu mgongoni. Kwao ndio wakati wa jua kali. Usiku wa kufunga mwaka pwani ya Copacabana ilijaa watu waliovaa nguo nyeupe, wakitupa maua baharini. Ngoma zililia, nasi tukacheza.

Kesho yake tulikwenda Valongo, gati ya mawe iliyojengwa mwaka 1811. Hapo walishushwa watumwa wengi mno, wengi wao kutoka Kongo na Angola. Mwaka 1843 mawe yale yalifunikwa, ili mke wa mfalme ashukie gati mpya. Mwaka 2011 yakafukuliwa.

Ngoma za jana tulizicheza kama wageni. Mbele ya mawe hayo tulivua kofia, kwani hapo walikanyaga ndugu za babu zetu.