Kupendeza na Kadi ya Rashoni

Kazini kwetu umri wa mtu ni wa kwenye karatasi. Umoja wa Mataifa unamhesabu kijana kuanzia miaka 15 mpaka 24, Mkataba wa Vijana wa Afrika unamsogeza mpaka 35, na mzee anaanzia 60. Mimi ni mhamasishaji wa vijana hapa Nyarugusu, na kila programu ikija naandika majina: ushonaji, saluni, mpira, muziki. Mama yangu ana miaka 48. Hayumo kwenye orodha yoyote ila ile ya rashoni, na huko ameandikwa mkuu wa kaya.

Basi mkuu wa kaya ameamua kubadilisha mavazi.

Mama alivuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Fizi mwaka 1996, akiwa na miaka 20. Yaani utu uzima wake wote umepita humu humu kambini. Alikuja na vikwembe viwili. Vilipoisha alivaa kilicholetwa, na nguo za mgao si duka: unachukua kile mkono wako umepata. Kuna sweta moja la mtoto wa kiume wa Ulaya, lina picha ya mbwa, alilivaa mpaka kanisani kwa sababu asubuhi kulikuwa na baridi. Hakuna aliyemcheka. Sote tulikuwa na sweta za namna hiyo.

Kuamuliwa nguo si kitu kigeni kwa watu wa kwetu. Babu alikuwa na abakosti, ile koti ya bila tai, maana Mobutu alipiga marufuku suti na tai tangu miaka ya 1970 mpaka alipolegeza mwaka 1990. Wanawake nao walikatazwa suruali na wigi, wavae kikwembe. Mama akiwa mtoto aliamuliwa na serikali, akiwa mkubwa anaamuliwa na roba la mitumba.

Safari hii alianza na kichwa. Mvi zilikuwa zimejaa mbele, na wenzake wakamshauri apake piko. Nilimwambia kwanza ajaribu kidogo kwenye mkono na asubiri siku mbili, kwa sababu dawa nyingi za kutia weusi zina kemikali ya PPD, na kuna watu inawavimbisha uso na macho. Jirani mwingine akamletea krimu ya kung'arisha ngozi, kopo halina hata maandishi. Hapo sikubembeleza. Nyingine zina zebaki, na zebaki inaharibu figo. Ukiugua figo humu kambini, unajua mwenyewe.

Mama alinisikiliza, halafu akafanya lake: alikata nywele zote fupi na mvi akaziacha. Sikutegemea. Uso wake ulitokea, shingo ikatokea, nikaona ni mwanamke mrefu. Miaka yote alikuwa anafunga kitambaa.

Kisha akanunua kikwembe, yadi sita, vipande vitatu kama inavyotakiwa: blauzi, sketi, na kipande cha kujifunga juu. Fundi alitaka kumshonea mtindo wa bibi, upana kama gunia. Mama akamwambia, "Hapana, papa. Unipime miye, usipime miaka yangu." Pale kwa fundi nilijifunza kitu ambacho sisi vijana wenye simu hatukijui: nguo haipendezi kwa bei, inapendeza kwa kukaa mwilini. Hata gauni la mtumba likibanwa kiunoni kidogo, mabega yakapunguzwa, linakuwa lingine.

Sasa hapa ndipo shida ilipoanza. Zilitangazwa ziara za nyumbani za kuangalia nani anahitaji msaada zaidi, na majirani wakaja usiku: mama fulani, vua hiyo, vaa ile ya zamani, watasema una pesa. Hawakusema uongo. Mfanyakazi mmoja, simtaji, aliwahi kumwangalia mwenzake kwenye foleni akamwambia, "Mama, umependeza hivi, unahitaji msaada gani?" Yule mama alirudi nyumbani akavaa kanga iliyochanika, na tangu siku ile hajaivua kwenye foleni.

Ninyi wafanyakazi mnaosoma hapa, niwaeleze hesabu ya kile kikwembe. Mama ana likelemba, ndiyo upatu wa Watanzania, na wenzake saba. Anauza mandazi asubuhi. Alisubiri zamu yake miezi minane, na zamu mbili zilizotangulia zote zilikwenda kwenye madaftari ya wadogo zangu. Kikwembe hakikuongeza unga ndani ya nyumba wala hakikuupunguza. Ukitaka kujua tunakula nini, fungua sufuria.

Siku ya ziara hakuvua. Alikaa kwenye kigoda, kikwembe chake, nywele zake fupi. Dada aliyekuja kuandika alimtazama mara mbili. Kabla hajauliza, mama akasema, "Mwanangu, mutu mwenye njaa anakatazwa kuchana nywele?" Dada akacheka kidogo, akaomba kuona jikoni, akaandika. Majibu hayajatoka, na majirani bado wanasema tutaona.

Wiki hii ameniuliza kama suruali inamfaa mtu wa umri wake. Nikamwambia aende kwa fundi akapimwe. Ameenda, ila amechukua vipimo viwili, vya suruali na vya sketi, kwa sababu ya mchungaji.