Munakimbia Nini?

Katika siku tisa za likizo yangu ya Agosti niliulizwa swali moja katika vijiji sita. Mara ya kwanza lilitoka kwa mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo kando ya njia, siku ya pili baada ya sisi kuondoka Bunkeya. Alitutazama, mimi na yaya wangu, mabegi mgongoni, viatu vyekundu kwa vumbi, akaacha kazi yake akasimama. "Munakimbia nini?" Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akitazama nyuma yetu, kule tulikotoka, aone nani mwingine anakuja.

Nieleze kwanza tulifikaje pale. Wenzangu wa kitivo wananijua kwa jina la mji wangu, kwa sababu kila mwaka mwalimu mpya akisikia "Kilwa" hufurahi na kuniuliza habari za Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu. Hiyo ni Kilwa Kisiwani, Tanzania. Kilwa yangu iko kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, kilomita kama 350 kaskazini ya Lubumbashi, na mbele yake majini kuna kisiwa chenye jina lilelile ambacho ni cha Zambia. Nilizaliwa huko, nikatolewa huko mgongoni mwa mama nikiwa na miaka mitatu, na tangu hapo sikuwa nimerudi.

Mwaka jana, katika somo la tafsiri, tulipewa kijitabu cha watalii. Kilisifu safari ya miguu chini ya milima ya Himalaya: asubuhi kutafuta tembo na chui msituni, jioni kulala Haridwar au Rishikesh, miji mitakatifu ya Wahindu kwenye mto Ganges. Sikusumbuka sana. Safari hiyo ya miguu nikaiita "matembezi", nikapata alama nzuri. Lakini kijitabu kilinibaki kichwani. Nikajiambia: milima tunayo, Kundelungu. Wanyama tunao, maana Kundelungu ni mbuga ya taifa tangu 1970. Na miji mitakatifu? Bunkeya ni mji mtakatifu wa Bayeke. Luanza, kwenye ufuo wa Mweru kaskazini ya Kilwa, ndiko mmisionari Dan Crawford alikokusanya watu wake, akatafsiri Biblia kwa Kisanga, akafa huko mwaka 1926. Nikachora mstari kwenye ramani: Bunkeya, bonde la Lufira, Kundelungu, Kilwa, Luanza. Mahali pengine miguu, pengine pikipiki. Nilipomwonyesha mama, aliangalia mwisho wa mstari tu. "Kilwa? Kutembea?" Alilirudia neno kana kwamba nimelitamka vibaya.

Bunkeya tulifika kwa gari kupitia Likasi. Ni mji mtulivu wa miembe na vumbi, na asiyejua habari zake angepita bila kugeuza shingo. Hapa palikuwa makao ya Msiri, mfanyabiashara aliyetoka kwa Basumbwa, Unyamwezi, akawa mfalme. Shaba na pembe zake zilikwenda pande mbili, Benguela kwenye Atlantiki na pwani ya Waswahili kwenye Bahari ya Hindi. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold, na kichwa chake kikakatwa. Kila mwaka siku hiyo Bayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka. Mzee mmoja alitupokea chini ya mwembe, tukamsalimu kama inavyotakiwa, tukaomba ruhusa ya kupita. Aliuliza tunaenda wapi. Nikamweleza ule mstari wote. Akafikiri, akasema, "Hao ba Stairs nabo balikuyaka na miguu."

Usiku huo sikupata usingizi upesi. Msafara wa Stairs ulianzia pwani, Bagamoyo, na wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Zanzibar. Darasani tunajifunza kwamba Kiswahili kilifika Katanga kwa misafara, tunaandika neno hilo kwenye daftari, tunaendelea. Sikuwa nimewahi kuuona mgongo wa mtu chini ya neno hilo. Lugha tunayosomea ilifika kwetu kwa miguu, na wengi walioileta hawakuwa wakitembea. Walikuwa wamebeba.

Bondeni kwa Lufira kulikuwa na moshi. Ni majira ya kuchoma nyasi, na kunguru walikuwa wakitembea juu ya majivu wakiokota panzi waliokaangika. Njia nzima tulipishana na vijana wanaosukuma baiskeli za makala, magunia sita au saba kwa baiskeli moja, jasho likitiririka. Makala hayo ndiyo yanayopika bukari yetu Lubumbashi. Salamu zetu walizipokea, lakini hawakusimama, kwa sababu baiskeli ya namna ile ikisimama kuianzisha tena ni kazi.

Mlinzi wa mbuga aliyetupandisha Kundelungu alikuwa mtu wa maneno machache. Alituonyesha maporomoko ya Lofoi, ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 300 bila kugusa mwamba. Mwezi wa Agosti yamebaki uzi mweupe, na upepo unaupeperusha kabla haujafika chini. Juu, uwanda ni nyasi mpaka macho yachoke, baridi ya asubuhi inauma vidole. Nilikuwa na daftari la wanyama. Nikamwuliza kama tutaona korongo. Akaniambia nitazame kule kwenye majimaji. Nikatazama chini nikitafuta pembe, yeye alikuwa akinionyesha ndege wawili warefu wa kijivu. Kamusi ilinifundisha kwamba korongo ni ndege, tena ni swala mkubwa, tena ni bonde lililochimbwa na maji. Basi siku ile tulisimama juu ya korongo, tukaona korongo, na korongo niliyemtaka hakutokea.

Tuliona nyani wengi, nsya mmoja aliyekatiza njia kama jiwe lililorushwa, na nyayo za ngiri. Daftari lilijaa nusu ukurasa. Mlinzi alisema wanyama wakubwa wamejifunza kuogopa harufu ya mtu, maana kwa miaka mingi mtu aliyepita hapa kwa miguu alikuwa na bunduki, au ana njaa kwa sababu anamkimbia mwenye bunduki. Alitaja Mitwaba, Manono na Pweto, pembetatu ambayo watu waliiita ya mauti. Ndipo nikamkumbuka yule mama wa mihogo, na nikaona haya kwa kicheko changu.

Tuliposhuka upande wa ziwa, swali likatungojea kijiji kwa kijiji. "Munakimbia nini?" Yaya alijibu, "Hapana, tunatembea tu." Jibu hilo halikumtuliza mtu. Mzee mmoja alisema wazi kwamba mtu anayetembea tu ana nyumba ya kwenda kulala; sisi tuna mablanketi mgongoni. Katika Kiswahili chetu kutembea ni kwenda kwa jirani, kuketi, kula, kurudi. Kwenda siku nyingi na mzigo kuna maneno mengine, na watu wale waliyajua yote. Mimi mwanafunzi wa lugha nilikuwa nimeleta neno moja, tena la kijitabu.

Kilwa tuliingia mchana, juu ya lori la chumvi. Ziwa lilitokea ghafla baina ya miti, kubwa, rangi ya bati. Nkambo yangu alikuwa mlangoni. Aliposikia kwamba sehemu kubwa tumekuja kwa miguu, alikaa chini. "Siye tulitokaka hapa na miguu," akasema. Hakuongeza kitu mpaka jioni.

Mambo yenyewe yameandikwa. Tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliushika mji, kesho yake jeshi likaurudisha, na Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 73 waliouawa. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitoa uamuzi kwamba serikali iwalipe fidia waathiriwa. Nilikuwa nimesoma hayo maktabani. Nisilolijua ni kwamba kutoka mlango wa nkambo mpaka mahali walipopanda mtumbwi ni mwendo mfupi sana. Mama alinibeba mimi, nkambo alibeba sufuria, na baba mkubwa alibaki kulinda nyumba. Hawakumwona tena, na hakuna kaburi.

Siku mbili za mwisho nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya Luanza. Asubuhi, nilipokuwa nikifunga begi, nkambo alivaa kitenge chake cha kanisa, akafunga mlango kwa kufuli, akaniambia niache begi. Tulishuka kuelekea ziwani. Alisema njia hii hajaipita tangu siku ile. Akitaka samaki huzunguka sokoni. Alinionyesha ukuta ambao mama aliuegemea kunifunga vizuri mgongoni. Alinionyesha mahali alipoangusha kifuniko cha sufuria, na akatazama chini kana kwamba kinaweza kuwapo bado. Luanza sikufika.

Karibu na maji, mwanamke aliyekuwa akianika samaki wadogo alimwona akashangaa. "Mama, unaenda wapi na hii asubuhi?"

Nkambo alinishika mkono kabla ya kujibu.

"Niko natembea tu," akasema. "Niko natembea na mwana wangu."